Frasila Mbili za Safari

Baba alivipima vitabu vyake
kwa mizani ile ile ya karafuu:
frasila mbili na ratili tatu,
safari za watu waliopita hapa
wakiwa na haraka, wakiwa na homa,
wakiandika.

Massoud Shaame, karani wa mizani, Wete.
Mshahara ukitoka, wenzake walinunua unga,
yeye alinunua stempu.
Barua zikaenda Lisboni, Bombei, Hamburgi,
na baada ya miezi kifurushi kikaja
kimefungwa kamba, kinanuka pango.
"Umeleta nini?" bibi aliuliza.
"Wageni."
"Watakula nini?"

Walikula chumba cha uani.
Walikula kitanda cha mjomba.
Ngozi ya ndama, kingo za dhahabu iliyokwajuka,
ramani zinazokunjuka kama shuka
na kisiwa chetu humo, mara kama punje,
mara kama kiatu,
mara hakipo kabisa, bahari imekipitia.
Kila kurasa tano, karafuu moja kavu
kuwafukuza wadudu.

Kiingereza alikijua cha ofisini.
Kifaransa alikipapasa kwa kamusi
kama mtu atafutaye kiberiti gizani.
Kijerumani alitazama picha.

Mgeni siku mbili, alikuwa akisema,
ya tatu mpe jembe.
Hawa walikaa siku mbili, wakaondoka na kitabu.
Basi jembe akalishika mwenyewe:
kalamu ya risasi, imechongwa kwa kisu,
akalima pambizoni.

Palipoandikwa "mwenyeji mmoja akatuonyesha kisima",
aliandika: Huyu ni Chumu wa Haji, Kojani.
Palipoandikwa "wapagazi wawili walikufa":
Faki. Na nduguye Faki, jina nalitafuta.
Jumapili alipanda baiskeli hadi Micheweni
kuuliza makaburi na wajukuu,
akirudi usiku, vumbi hadi kwenye nyusi,
akiwa na jina moja, au hana.

Aliyajuaje? Mengine, nahisi, aliyabuni.
Aliona afadhali kosa kuliko tundu.
Na wao je, walioandika
kwamba watu wa hapa hawacheki?

Amefariki vuli iliyopita.
Akaja Bwana Nazerali kutoka Unguja,
glavu nyeupe, kioo cha kukuzia,
akafungua, akanusa, akasonya.
"Mkono gani huu umeharibu hivi?"
Kila jina la kalamu, alisema, linashusha bei.
Akahesabu kama baba alivyohesabu magunia:
jina, toa; jina, toa;
jina, toa.

Nikamwuzia vilivyo safi,
juzuu tatu za nchi za barafu
ambako baba hakumjua mtu.
Paa la uani likapata mabati.

Kimoja alikuwa bado amekishika,
kinene, mgongo umelegea.
Alikitia bei ya kuku wawili.
Nikakipokea nikifunge kamba, kikafunguka chenyewe
pale kilipozoea kufunguka:
mwanamke amesimama mlangoni, mtungi kiunoni,
kachorwa na mtu asiyemwuliza jina
miaka mia mbili kabla yangu.
Pembeni, kwa mwandiko mdogo wa baba,
umefutwa, umeandikwa tena, umefutwa, umeandikwa:
Raya.

Raya ni mama yangu.
Alikufa mimi nina siku arubaini.
Hana picha hata moja.

Bwana Nazerali alitazama saa, boti inamngoja.
"Na hicho?"
Nikamwambia hicho kina mwenyewe.

Jana nimekipima
kwa mizani ndogo ya shaba aliyoniachia.
Sahani moja kitabu, sahani ya pili karafuu,
kiganja baada ya kiganja,
hadi pishi nzima ikaisha.
Bado zinapanda na kushuka.